Koti la Amplifaya

Jumanne, 1 Julai

Nimefuta amplifaya kabla ya kunywa chai. Kwanza uso, kwa kitambaa kikavu. Halafu pembe zake za chuma, halafu mpini. Vifundo vya sauti sivigusi, binti yangu Amongin amenikataza. Hivyo kila asubuhi tangu ilipoingia nyumba hii. Haijalala na vumbi hata siku moja.

Ni kubwa. Inanifika kiunoni. Nyeusi, wavu mbele, ndani spika moja pana kama sinia la pilau. Hapa Jinja, mtaa mzima wa Walukuba hakuna nyingine. Zipo spika za kanisa, zipo redio za vijana wa saluni, lakini amplifaya ya gitaa la besi, yenyewe, ya mtu na jina lake, ni ya binti yangu tu. Nimeulizia.

Mazoezi ni saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Akipiga ule uzi mnene, vifuniko vya sufuria vya jirani yangu Nalongo vinacheza ukutani. Leo Nalongo amesema hana haja ya saa tena, akitaka kujua kama ni saa kumi anasikiliza sufuria. Alidhani ananichokoza. Nimefurahi mpaka nikampa nyanya.

Habari kubwa. Afande Mafabi amepiga simu kutoka Mbale. Mzee huyu alikuwa katika bendi ya polisi, amestaafu, sasa ana bendi yake ya harusi pale Nkoma. Mpiga besi wake amekwenda kutafuta kazi Dubai. Mwezi uliopita alipita kanisani kwetu akamsikia Amongin. Anamtaka kwa majaribio, Jumamosi tatu. Baada ya ile ya tatu atasema ndiyo au hapana. Sharti ni moja, aje na amplifaya yake. "Kwangu kila askari anakuja na bunduki yake."

Nilimwambia bunduki ipo. Nilimwambia na mengine mengi, hadi Amongin akaninyang'anya simu.

Miaka ishirini na miwili. Msichana. Bendi ya watu wazima. Nimeshindwa kukaa. Nimefagia uwanja mara mbili.


Jumatano, 2 Julai

Nashona koti la amplifaya.

Haiwezi kwenda Mbale uchi. Katika nyumba yangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Runinga ina kitambaa, friji ina kitambaa, chupa ya chai ina chake chenye maua. Mama yangu alitulea hivyo katika kota za magereza. Baba alikuwa askari jela kutoka Teso, mshahara mdogo, chumba kimoja, lakini redio yake ilivaa nguo nyeupe na Jumapili ilibadilishiwa. Mkubwa wa gereza aliwahi kuingia akasema, hii nyumba ina mwanamke. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Na kazi hiyo ndiyo inayonilisha, vitambaa vyangu viko katika sebule za watu mpaka Iganga.

Hili ni kubwa kuliko yote. Mahameli ya bluu nje. Ndani bitana ya blanketi, kwa ajili ya vumbi na ile mvua ya Mbale inayotoka mlimani bila taarifa. Ukingo wa uzi mweupe niliosuka mwenyewe. Juu jina, AMONGIN, herufi za dhahabu. Usoni nimeacha wazi, wavu uonekane, sauti itoke. Nyuma linafungwa kwa vifungo tisa, na kitundu cha waya.

Nimelivalisha. Limekaa kama gomesi ya bibi harusi. Nimemwita Nalongo aone. Ameagiza la runinga yake hapo hapo.


Ijumaa, 4 Julai

Amongin amenifundisha kuiwasha. Naandika nisisahau.

Kifundo cha mwisho, cha sauti kubwa, kirudi sifuri kwanza. Kila mara, hata una haraka ya namna gani. Ndipo waya wa gitaa unaingia. Ndipo unabonyeza swichi. Ukiparaganya mpangilio inapiga kishindo kama mlango wa lori, na spika inaweza kupasuka. Kisha kifundo cha kwanza, kile kinachopokea gitaa. Unapiga kwa nguvu zako zote huku unakifungua polepole, hadi taa nyekundu ikonyeze. Ikikonyeza unarudi nyuma kidogo. Kisha vile vitatu vya katikati, sauti nzito, sauti ya kati, sauti nyembamba. Nilisema avijaze vyote mpaka mwisho, tumevinunua vyote. Akacheka. "Mama, hii siyo chai, kwamba utaongeza sukari tu." Eti nzito ikizidi watu wanasikia ngurumo, hawajui ni wimbo gani. Ile ya kati ndiyo inayopenya kwenye ngoma.

Na ikae chini, sakafuni. Mimi niliipandisha mezani, mgeni wa heshima hakai chini. Ameishusha. Anasema sakafu inaongeza uzito wa sauti. Tumebishana. Nikainama nikaweka sikio. Ni kweli.

Alitaka kuivua koti. Nikasema uso uko wazi, sauti inatoka usoni, na vumbi halina ruhusa. Ameniangalia. Ameliacha. "Haya, mama. Umelifanyia kazi siku mbili."

Mtoto mwenye adabu. Sikumzaa bure.


Jumamosi, 5 Julai

Mbale, na usiku huu tumerudi. Nimechoka na nimekasirika.

Nilivaa gomesi ya kijani. Uwanja wa Afande Mafabi ni safi, mawe yamepakwa chokaa, kila kitu kwa mstari. Bendi ni watu watano, wanaume. Mpiga ngoma, jina lake Wandera, alimtazama Amongin akiwa na lile gitaa refu akauliza, "Huyu dada amebeba gitaa au gitaa limembeba dada?" Wakacheka wote. Amongin alirudisha kifundo sifuri, akaingiza waya, akawasha, akapiga. Wandera alikuwa anatafuna muwa. Aliacha kutafuna.

Nilitaka wakati ule usimame hapo.

Baada ya saa moja, kimya. Taa ya amplifaya imezimika. Amongin alikagua waya, plagi, soketi, vyote vizima. Tukakaa. Nusu saa baadaye ikaamka yenyewe. Wakaendelea. Ikafa tena.

Afande hakupaza sauti. Alisema, "Bunduki ikikwama mara moja ni bahati mbaya. Ikikwama mara mbili, askari hajaitunza." Amongin alisimama wima kabisa. "Ndiyo, Afande." Nilifungua kinywa nimjibu kwa niaba yake. Mzee akanitazama. Baba yangu alikuwa na jicho hilo hilo. Nikafunga.

Jumamosi ijayo ni harusi yenyewe, Nakaloke. Siyo mazoezi.


Jumapili, 6 Julai

Mwizi ni Mzee Harjit. Nimelifikiria kanisani, mahubiri yote sikuyasikia. Yeye ndiye aliyetuuzia. Duka lake la redio liko mjini Jinja tangu enzi za baba yake, Kalasinga mwenye Kiswahili kizuri kunishinda, watu wanamwamini. Alisema imetumika kidogo na ni nzima. Nzima gani.

Nimewaambia akina mama wa kwaya. Nimemwambia Nalongo. Nimemwambia mwenye boda. Ningekuwa na kengele ningepiga.

Nimefua koti, lilijaa vumbi jekundu. Liko kwenye kamba. Hata kwenye kamba linapendeza.


Jumatatu, 7 Julai

Nimepeleka amplifaya kwa Mzee Harjit, mimi mwenyewe, Amongin alikuwa na wanafunzi wake wa gitaa.

Aliifungua. Akaangalia ndani kwa tochi, akanusa, akafunga. Akaunganisha redio humo ndani, akaweka sauti, akaiacha iimbe. Kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Haikuzimika hata mara moja. Wateja wanaingia, wanatoka, yenyewe inaimba tu pale chini mlangoni kama inanicheka.

"Mama, haina ugonjwa."

Nikasema ugonjwa uko kwake. Nikasema mengine. Kulikuwa na mteja, bwana mmoja na feni yake mkononi, nikamgeukia nikamwambia asimwachie feni huyu mtu, ni mwizi, anauza maiti. Bwana yule alirudisha feni kwenye mfuko akatoka.

Mzee hakukasirika, nilitaka akasirike. Alikaza skrubu ya mwisho. Aliniuliza inakaa wapi, nyumbani, na kama inapata hewa. Nikamwambia inakaa vizuri kuliko watu wengi, na yeye asiniulize mambo ya nyumba yangu.

Nimerudi nayo. Bado nina hasira lakini haikai sawasawa.


Jumatano, 9 Julai

Mazoezi saa kumi. Koti limekauka, nimelipiga pasi, nimelivalisha, vifungo tisa.

Saa kumi na dakika hamsini, kimya.

Amongin alikwenda nje kuangalia kama umeme umekatika. Haukukatika, friji ilikuwa inaunguruma. Mimi nikapiga magoti nyuma ya amplifaya kuangalia plagi. Nikafungua kifungo kimoja, nikapitisha mkono.

Moto. Moto kama tumbo la mtoto mwenye malaria. Nyuma kuna chuma chenye mbavu mbavu, na juu yake mstari wa vitundu, sijawahi kuviangalia. Vyote vimezibwa na blanketi langu. Nilipotoa mkono, ile bitana ilikuwa imekunjamana kwa joto.

Kwa Mzee Harjit ilikuwa uchi siku nzima.

Nimejua. Pale pale magotini, nimejua.

Nikafunga kifungo. Amongin alipoingia nikasema ni huu umeme wa Walukuba, unapanda na kushuka. Akasema labda. Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo. Sijasema.


Alhamisi, 10 Julai

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu.

Naona haya. Nalongo ameagiza koti. Mke wa mchungaji ameagiza la kinanda. Mzee wa watu nimemwita mwizi mbele ya mteja. Na huyu mtoto, nimemwambia maisha yake yote kwamba mikono yangu haiharibu kitu.

Nimepanga nitamwambia baada ya Jumamosi. Au nitatengeneza bila kumwambia. Leo alipotoka nimechukua mkasi nikakata dirisha nyuma ya koti, ukubwa wa kitabu, nikalizungushia ukingo mweupe. Nimemwambia ni urembo wa kisasa. Blanketi la juu nimeliacha. Ukilitoa, mahameli inalegea na jina halisomeki.

Jioni hakupiga. Alikaa na gitaa mapajani bila kuliunganisha. Nikamuuliza. Akasema anadhani tatizo ni yeye. Anaiweka vibaya, anaiminya sana, anapiga kwa nguvu mno, ndiyo maana inachoka. Kwa Mzee Harjit haikuzimika, kwake inazimika, sasa ni nini kama siyo mikono yake. Amesema kuna mwanamume wa Tororo anayeisubiri nafasi hii, labda Afande amchukue huyo tu.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa goti. Nilisema, "Pumzika, mwanangu, kesho itakuwa sawa."

Mimi ni mwoga. Sikujua. Nilidhani mimi ni mambo mengine yote.


Ijumaa, 11 Julai

Sijalala vizuri. Dirisha litatosha. Nimepima kwa mkono mara nne, hewa inaingia. Litatosha.

Leo amefanya mazoezi nusu saa tu. Haikuzimika. Anapiga polepole, kwa woga, kama mtu anayetembea juu ya mayai. Sauti yake siijui.


Jumapili, 13 Julai

Jana sikuandika. Tulilala Nkoma kwa Afande. Naandika sasa tumefika nyumbani, Amongin yuko chumbani kwake na mlango umefungwa.

Harusi ilikuwa Nakaloke, kiwanja cha shule, mahema, jenereta nyuma. Jua la saa nane. Bendi ilikuwa chini ya hema, amplifaya chini, koti juu, mgongo kwenye turubai. Dirisha langu lilikuwa limeelekea turubai.

Mwanzo alipiga kwa woga. Halafu ngoma ikamshika akasahau. Nyimbo tatu, nne. Bibi mmoja karibu na mimi akauliza nani anapiga kile kitu kizito kinachoingia tumboni. Nikamwonyesha. Nikasema ni wangu. Ningenyamaza ingekuwa bora, lakini nilisema.

Maharusi walianza kuingia. Njia nzima watu wamesimama, wasimamizi wanacheza hatua zao, mbili mbele, moja nyuma, zinafuata besi. Besi ikafa. Wasimamizi wakakanyagana. Bibi harusi akasimama katikati ya njia hajui mguu upi unafuata.

Wandera alijaribu kubeba wote kwa ngoma. Amongin aliangalia mikono yake. Hakuangalia waya, hakuangalia plagi. Mikono. Na Afande Mafabi alikuwa tayari ametoa simu mfukoni, anasogea pembeni, nikajua anampigia nani.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Najua nilipita kwenye njia ya maharusi, mimi na gomesi yangu, mbele ya bibi harusi wa watu. Nilishika lile koti nikalivuta. Vifungo vikaruka. Nikaliondoa lote, nikaanza kuipepea amplifaya kwa sahani ya plastiki.

"Afande, weka simu chini. Siyo yeye. Ni mimi. Ni hiki kitambaa, kimeinyima hewa. Nimejua tangu Jumatano."

Niliyasema kwa sauti ya kota, ile ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Hema zima limesikia. Wengine walicheka. Wandera akaleta trei ya soda akapepea upande wa pili, akaniambia, "Mama, wewe juu, mimi chini," na hapo wakacheka zaidi. Bibi harusi alisubiri, mtoto mzuri yule, Mungu ampe watoto. Tulipepea hadi mkono ukafa ganzi. Tarumbeta zilipiga wimbo wa kusubiri.

Ikaamka.

Amongin akarudisha kifundo sifuri, akaanza upya. Maharusi waliingia mara ya pili. Haikuzimika tena mpaka saa tatu usiku.

Afande aliniita baadaye, pembeni. Alisema amefanya kazi na bendi miaka thelathini, ameona tarumbeta imekaliwa, ameona ngoma imeliwa na mbuzi, lakini hajaona amplifaya iliyovishwa blanketi Julai. Hakucheka. Kisha akasema Jumamosi ya tatu Amongin aje peke yake. Nikasema, "Ndiyo, Afande." Nilisimama wima.

Lakini hilo siyo linalonikosesha raha. Njiani leo, tulipopita kwenye mashamba ya mpunga, Amongin aliuliza kitu kimoja, bila kunitazama.

"Alhamisi ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Akageukia dirisha mpaka Jinja.


Jumatatu, 14 Julai

Amekunywa chai amesimama. Amesema asante. Saa kumi amepiga, amplifaya uchi katikati ya chumba, mbali na ukuta. Masaa mawili bila kukoma. Nilikaa jikoni. Ilitakiwa nifurahi.

Hasira ningeiweza. Sahani ivunjwe, mlango upigwe, mimi najua kujibu hayo. Huyu ana adabu tu. Asante mama, ndiyo mama, hapana mama. Mimi ndiye niliyemfundisha.


Alhamisi, 17 Julai

Nilikwenda kwa Mzee Harjit. Nilizunguka mtaa mara tatu kwanza, nikaangalia viatu ambavyo sivihitaji.

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Vizuri, nikasema moyoni, nilitukana mbele ya watu, nitaomba radhi mbele ya watu. Nikasimama katikati nikasema yote. Koti, blanketi, vitundu. Nikasema huyu mzee siyo mwizi, mjinga alikuwa mimi. Wateja waliangalia sakafu.

Yeye alikuwa anachomelea waya. Alimaliza kwanza. Akasema, "Nimekusikia, mama. Lakini hawa hawakuwepo. Yule bwana wa feni ni wa Bugembe. Hajarudi."

Nikasema nitamtafuta. Nikauliza jina.

"Sijui jina. Najua feni."

Nikasema nitakwenda Bugembe nyumba kwa nyumba. Akasema Bugembe ni kubwa. Akavuta kiti, akaagiza chai mbili. Nilikunywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Hakusema nimesamehewa. Alinieleza jinsi zile mbavu za chuma zinavyotoa joto, kwamba kazi yake ni kuwa katika hewa tu, na kwamba watu hufikiri kitu kinakufa kwa kutumika wakati vingi anavyoletewa vimekufa kwa kutunzwa. Ameona redio zilizofungwa nailoni toka kiwandani mpaka kaburini. Nilisikiliza. Sikuongeza neno. Nalongo angeona asingeamini.

Nimerudi nimemwambia Amongin nilikokwenda. Akasema, "Vizuri." Halafu baada ya muda, "Alisemaje?" Nikamweleza kila kitu, na Bugembe. Sikujipamba.

Hilo ni swali la kwanza tangu Jumapili.


Jumamosi, 19 Julai

Ameondoka alfajiri. Mwenye boda aliifunga amplifaya kwa mipira nyuma ya pikipiki mpaka stendi, yeye akafuata kwa nyingine. Nilisimama mlangoni. Sikusema iangalie, sikusema ifunike. Niliuma ulimi kwa meno, kweli kweli.

Saa nne. Nimefua mapazia ambayo ni safi.

Saa sita. Nimekwenda sokoni nikarudi bila kitu. Nalongo ameuliza kama Afande ameamua. Kawaida ningesema ameamua zamani, wanamgombania. Nikasema sijui. Ameniangalia kama nimeugua.

Saa tisa. Sasa wako katikati. Sijui kama inaimba au imekufa. Simu naiweka, naichukua.

Saa kumi sufuria za Nalongo zimenyamaza. Sijawahi kusikia mtaa huu ukiwa hivi.

Saa moja usiku, ujumbe. Maneno matatu. "Amesema ndiyo, mama."

Nimelia ndani ya aproni. Kisha nimesoma tena, nikahesabu. Neno la tatu halikuwa na lazima. Angeweza kuliacha.


Jumatano, 23 Julai

Alirudi Jumatatu kuchukua nguo zake. Afande amempatia chumba Nkoma, kwa mjane mmoja wa kanisa lake, karibu na mazoezi. Tulifunga mabegi pamoja. Tulizungumza mambo ya mashuka. Alipoondoka alinikumbatia, siyo kwa muda mrefu, lakini ni yeye aliyeanza.

Nimemrudishia mke wa mchungaji mahameli yake. Nalongo anataka koti la runinga hata hivyo. Nimemshonea bila mgongo, na nimemweleza kwa nini, yote, na sehemu yangu. Kesho mtaa wote utajua. Basi wajue.


Jumapili, 27 Julai

Baada ya kanisa nilikaa tu. Sina cha kufuta.

Saa kumi simu ikalia. Ni Amongin. Akasema yuko chumbani kwake, mjane ametoka, ana wimbo mpya, bendi imemwachia yeye peke yake mwanzo mzima kabla ngoma haijaingia. Anataka nisikie. Akaiweka simu sakafuni mbele ya amplifaya, nikamsikia akirudi nyuma, nikasikia swichi.

Nikabana simu sikioni. Nikaziba sikio la pili kwa kidole.

Besi haipiti kwenye simu. Simu yangu ni ndogo, ya vitufe. Nilichosikia ni vidole vyake vikigusa nyuzi, tiki, tiki, kama mvua ya kwanza kwenye mabati, na mara moja kiatu kikipiga sakafu. Nilisikiliza hivyo mpaka mwisho. Dakika nne, labda tano.

Akarudi kwenye simu, pumzi juu.

"Umesikia, mama?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nimesikia yote, nimetetemeka, Walukuba nzima imetetemeka. Lilikuwa limefika mdomoni.

"Hapana, mwanangu. Nimesikia vidole tu."

Akacheka kicheko chake cha zamani, cha chini, na mimi nikasubiri kiishe. Akasema basi nije Jumamosi nisikie mwenyewe, wana harusi hapo hapo Nkoma, ataniwekea kiti.

Nimesema nitakuja. Akasema nisibebe kitu chochote.

Nimekubali.